Maji yasiyo na kiluwiluwi

 Wiki hii zamu ya kuandika ni yetu sisi kikundi cha wafuga samaki. Tulikuwa tumeahidi kuwaletea habari ya furaha, jinsi tulivyohamisha samaki wetu kutoka bwawa la zamani hadi tangi jipya la simenti. Habari tunayoleta ni nyingine. Samaki walikufa karibu wote kwa usiku mmoja. Na baada ya samaki kufa, tulifanya kosa lililo kubwa kuliko hasara ile. Tutasimulia yote mawili, kwa sababu wengi wenu mlisikia la kwanza vibaya, na la pili mlilisikia midomoni mwetu wenyewe.

Sisi ni wamama 14. Tulianza na likelemba, kila wiki mmoja anapokea. Miaka mitatu iliyopita tukakubaliana kuacha sehemu ya pesa pembeni, tukachimba bwawa la udongo bondeni, kando ya kijito. Kuchimba bwawa si jambo geni katika nchi yetu. Miaka ya 1940 na 1950 wazee wetu katika sehemu nyingi za Kongo walifundishwa kufuga tilapia katika mabwawa ya udongo. Tulitia tilapia, na kambale wachache. Tuliwalisha pumba za mpunga, majani ya muhogo yaliyokatwakatwa, na mchwa watoto walipowapata. Bwawa lilitupa lituma na samaki mezani, na kila mwezi wa 9 lilitusaidia minervali ya watoto wa sekondari.

Mlinzi wa bwawa alikuwa mwenzetu mkubwa kwa umri, mama mjane ambaye nyumba yake iko karibu na kijito. Sote tunamwita Koko. Hakuwa na mshahara. Tulimpa samaki wake kila tulipovua, naye alitwambia nyoka ameonekana wapi na ukingo umebomoka wapi.

Lakini bwawa lilikuwa mbali, na wezi walianza kuja usiku na nyavu. Mara mbili tulikuta maji yamevurugwa na samaki wamepungua. Ndipo tukasema: tujenge tangi la simenti ndani ya uwanja wa mwenzetu mmoja kule Mangobo, penye ukuta na mlango wa kufunga. Koko hakupenda. Alisema samaki wamezoea pale walipo. Sisi tulifikiri anaogopa kupoteza fungu lake la mlinzi, na mmoja wetu alimwambia hivyo mbele ya watu. Koko akanyamaza.

Tangi lilijengwa mwezi wa 8. Urefu wake mita 3, upana mita 2, na maji tulitaka yafike sentimeta 80. Fundi alimaliza kupaka simenti ya ndani siku ya Jumanne. Jumatano tuliiacha ikauke. Alhamisi na Ijumaa usiku, maji ya robine yalipokuja, tulijaza kwa mpira. Ni zaidi ya bidoni 200 za lita 20. Ijumaa hiyo maji yalikuwa safi hata unaona alama za mwiko wa fundi chini kabisa. Tulijivuna sana.

Jumamosi asubuhi Koko alikuja kuangalia. Aliinama, akachota maji kwa kiganja, akayaangalia, akayamwaga. Akasema: “Maji haya ni mazuri kwa macho, lakini hayana hata kiluwiluwi kimoja. Mimi nisingetia samaki humu.” Tukacheka. Mmoja akamjibu: “Koko, tumelipa fundi ili viluwiluwi visiwemo.” Yeye akachukua fimbo yake akarudi bondeni.

Siku hiyohiyo, saa ya jua kali, tulivua samaki 210 na kambale 12. Tuliwatia katika bidoni zilizokatwa juu, tukazifunga nyuma ya toleka, na vijana wakaendesha baiskeli hadi Mangobo, maji yakiruka njia nzima. Tulipofika, tuliwamwaga wote kwa mara moja. Tuliimba, tukapiga makofi. Kisha tukawatupia pumba ndoo nzima, tukisema wageni lazima wale.

Kwenye saa 3 usiku, mama mwenye uwanja alisikia vinywa vya samaki juu ya maji, pwa, pwa, pwa. Alifikiri bado wanakula. Alilala. Alfajiri alitoka na tochi, akaona matumbo meupe yamefunika tangi lote. Tilapia wote walikuwa wamekufa. Kambale 2 walikuwa bado wanajivuta chini. Nao walikufa mchana.

Karibu kilo 40 za samaki, na shule zinafunguliwa baada ya wiki chache. Wengine walitaka tuwauze upesi kabla ya kuoza. Lakini habari ilikuwa imekwisha fika sokoni kwamba samaki wetu wametiliwa sumu, na hakuna aliyetaka hata kuwashika. Tulichimba shimo chini ya migomba tukawazika. Watoto walisimama wakitazama kama kwenye kilio.

Sasa tunafika mahali ambapo tunaona haya kuandika.

Tulipomaliza kuzika, tulikaa chini, na mmoja wetu akauliza: “Nani hakutaka samaki wahame?” Hakuna aliyehitaji kutaja jina. Mwingine akakumbuka kiganja cha Koko ndani ya maji asubuhi ile. Mwingine akasema shambani kwake kuna utupa. Ni kweli, kuna utupa. Wengi wetu tunao, kwa ajili ya wadudu wa mazao, na kila mtu aliyekulia kando ya mto anajua kwamba majani yake yakitwangwa na kutiwa katika maji, samaki wanalegea na kuelea. Mwingine akaenda mbali zaidi: haikuwa majani, ilikuwa maneno yake. Alitamka kwamba maji hayana uhai, na kweli uhai ukatoka.

Hatukumwendea kumuuliza. Tulizungumza kwenye robine, sokoni na baada ya ibada. Kufika Jumatano, watoto wa kartie walikuwa wakimfuata Koko njiani wakipiga kelele, “Ndoki! Ndoki!” Watoto hawakulizua neno hilo. Walilisikia nyumbani. Mnajua neno hilo linaweza kufanya nini katika mji wetu. Mama mzee asiye na mume, akishaitwa hivyo, hasubiri jiwe la kwanza. Alhamisi Koko alifunga mkeka wake na sufuria mbili, akapanda mtumbwi, akavuka kwenda kwa binti yake Lubunga. Sisi tulisema: mnaona, anakimbia.

Aliyetuzuia ni kijana wa mmoja wetu, anayesoma sayansi kwenye Chuo Kikuu cha Kisangani. Alikuja kumwona mama yake, akasikia habari, akauliza maswali ambayo hakuna aliyekuwa ameuliza. Simenti ilikuwa na siku ngapi? Maji yametoka wapi? Yalikaa muda gani? Mliwatia samaki namna gani? Kisha akasema tusibishane, tujaribu.

Tulimwaga maji yote, tukasugua tangi, tukajaza tena kwa maji ya robine. Mlango ulifungwa kwa kufuli na ufunguo ukawa kwetu. Wawili wetu walikesha hapo. Koko alikuwa ng'ambo ya mto. Asubuhi kijana alileta vikaratasi vidogo vya kupima maji, vile vinavyobadilika rangi. Alichovya kimoja katika maji ya kijito: kikawa cha manjano. Akachovya kingine katika tangi: kikawa buluu nzito. Kisha tukatia tilapia 3 wadogo waliokuwa wamebaki bwawani. Walizunguka haraka haraka, wakapanda juu, wakaanza pwa, pwa. Kabla ya jua kuzama wote 3 walikuwa wamelala ubavu.

Hakuna aliyesema neno. Hakuna mtu aliyegusa maji hayo isipokuwa sisi.

Kijana alituelezea taratibu, nasi tunawapa kama tulivyoelewa. Simenti mbichi ina chokaa, na chokaa hiyo inatoka polepole ndani ya maji kwa wiki nyingi. Maji yanakuwa kama yale maji ya majivu ambayo bibi zetu walichujia ili kutengeneza sabuni. Ukiyashika yanateleza, na yakikaa juu ya ngozi yanaiuma. Ndiyo maana mikono ya fundi inapasuka. Samaki anapumua kwa mashavu yake, na ngozi ya humo ni nyembamba kuliko ya jicho. Vijito vyetu vya msituni vina maji yaliyo kinyume kabisa, yana uchachu kidogo kwa sababu ya majani yanayooza. Kwa hiyo samaki wetu walitoka katika maji machachu wakaangukia maji ya chokaa kwa dakika moja. Hata maji yasiyo makali sana yangewaumiza kwa badiliko la ghafula namna hiyo.

Pili, maji ya robine yanatiwa klorini. Dawa hiyo inatulinda sisi na watoto wetu na kipindupindu, tusiichukie. Lakini kinachoua wadudu wa kipindupindu kinachoma pia mashavu ya samaki. Maji hayo yanapaswa kukaa wazi kwanza, juani, ili dawa itoke.

Tatu ni uchafu wa samaki wenyewe. Kila mama anajua harufu kali ya nguo za mtoto mchanga zilizolala na mkojo ndani ya ndoo iliyofunikwa. Ile ni amonia. Samaki wanaitoa mchana na usiku. Katika bwawa la zamani, ndani ya tope na utelezi wa mawe, mnaishi vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo vinaila amonia na kuigeuza kuwa kitu kisichodhuru sana. Katika tangi jipya lililosuguliwa hawamo. Wanahitaji wiki 4 hadi 6 kuzaliana vya kutosha. Na maji yakiwa na chokaa, amonia inazidi ukali. Sisi tulitia samaki zaidi ya 200, na ndoo ya pumba juu yake, ambayo nyingine ilioza usiku uleule.

Nne ni hewa. Nendeni kwa Wagenia, pale maporomoko ya mwisho kati ya yale saba ya Boyoma, mahali wavuvi wanapotega vikapu vyao vikubwa kwenye miti. Maji yanapiga mawe, yanatoa povu, yanameza hewa. Samaki wa pale hakosi pumzi. Katika tangi letu maji yalisimama, na maji yenye joto yanashika hewa kidogo kuliko ya baridi. Usiku samaki wote waligombania hewa ile kidogo. Sauti tuliyodhani ni ya kula ilikuwa ya kutafuta pumzi. Ndiyo maana kambale 2 walichelewa kufa: kambale ana namna ya kuvuta hewa ya juu, kama sisi. Tilapia hana.

Mmoja wetu akamuuliza kijana: “Sasa mtu angejuaje yote hayo bila karatasi zako?” Akajibu kwamba kuna ishara rahisi. Mkijaza tangi mkaliacha wazi, na baada ya wiki kadhaa mkaona maji yanaanza kuwa ya kijani, mbu wametaga, chura ameacha watoto wake, basi kitu kimeweza kuishi humo. Kama hakuna kinachoishi, msitie samaki.

Tukatazamana. Hayo ndiyo Koko aliyotwambia.

Yeye hakuwa na karatasi. Alikuwa na miaka mingi ya kuinama juu ya maji. Alisoma tangi letu kwa kiganja kimoja akatupa jibu lote, bure, kabla hatujapoteza samaki hata mmoja. Na sisi tulichukua ujuzi wake tukauita laana.

Jumapili iliyofuata tulivuka wote 14. Tulibeba chumvi, sabuni, mchele, na kitenge. Tulimkuta anachambua sombe. Tulipiga magoti uwanjani, majirani wa binti yake wakitazama, kwa maana ilifaa watazame. Tulisema kila tulilolisema juu yake, na nani alilisema, bila kuficha. Koko alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema: “Mimi nilisema maji hayana kiluwiluwi. Sikusema zaidi ya hapo.” Akainuka akatuletea viti.

Ametusamehe, yeye mwenyewe ametamka. Lakini hakurudi nasi siku hiyo, wala hajarudi kuishi bondeni hadi leo. Anasema miguu yake haitaki tena kupita njia ambapo watoto walimpigia kelele. Hatuwezi kumlazimisha. Lililo mikononi mwetu ni kuandika. Tulimchafua mbele ya watu, basi tunamsafisha mbele ya watu. Kila mama anayesoma karatasi hii awasomee watoto wake kipande hiki: Koko wa kijitoni hakuua samaki. Samaki waliuawa na haraka yetu.

Na kwa kuwa tumejua kuna vikundi vingine vinavyojenga matangi, haya ndiyo tunayofuata sasa.

Simenti mpya tunaijaza maji, tunayaacha wiki nzima, tunayamwaga, tunasugua na kujaza tena, mara 3 au zaidi. Wafugaji wengi wanatia vigogo vya migomba vilivyokatwa humo ndani, vioze pamoja na maji ili kupunguza chokaa, kisha wanasafisha. Nasi tulifanya hivyo.

Maji ya robine tunayaacha wazi siku moja nzima au mbili kabla hayajamgusa samaki yeyote. Maji ya mvua au ya kijito safi ni bora tukiyapata.

Tunaleta maji na tope kidogo kutoka bwawa la zamani, ndoo kadhaa, ili vile vijidudu vihamie kabla ya samaki.

Samaki hawali siku ya kuhama, ili wasichafue maji njiani. Tunawahamisha asubuhi mapema au jioni, si saa ya jua. Bidoni zinafunikwa kwa majani.

Tukifika, hatumwagi. Tunaweka ndoo yenye samaki ndani ya tangi ili joto lilingane, kisha tunaongeza maji ya tangi kikombe kwa kikombe, nusu saa au zaidi. Mwisho tunainamisha ndoo, samaki atoke mwenyewe.

Tunaanza na samaki 5 tu. Wakiishi wiki moja, tunaongeza wengine kidogo kidogo. Chakula ni kile wanachomaliza kwa dakika chache, si ndoo.

Alfajiri mmoja wetu anaenda kuangalia, kwa sababu ndiyo saa hewa inapungua zaidi ndani ya maji. Samaki wakiwa juu wanafungua vinywa, si njaa. Tunabadilisha sehemu ya maji, na tunachota kwa ndoo na kumwaga kutoka juu, maji yaruke kama kwa Wagenia.

Na samaki wakifa bila kujua sababu, hatuwauzi na hatuwali. Tunawazika. Kisha tunauliza maji kabla ya kuuliza watu.

Katika wiki ya 5 tulimwomba Koko aje tu kutazama. Alikuja na mtumbwi wa asubuhi, binti yake akimshika mkono. Tangi lilikuwa la kijani, ukutani kuna utelezi, na fundi angelia kuliona. Koko aliinama kama siku ile, akachota kwa kiganja, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akatunyoshea mkono. Katikati ya kiganja kulikuwa na kitu kidogo cheusi chenye mkia, kinatikisika.

“Sasa,” akasema. “Watano, si zaidi.”

Jioni alivuka kurudi Lubunga. Samaki wale 5 wako hai wakati tunaandika haya. Minervali ya mwaka huu tumeikopa kwenye likelemba, tutailipa polepole. Fungu la Koko tutalipeleka ng'ambo kila tutakapovua, hata asiporudi kulinda.